Moto wa Nyumbani na Amri za Mungu

Usiku ule Bwana Yezu alipokamatwa kulikuwa na baridi. Mtakatifu Yoane hakusahau kuliandika jambo hilo dogo katika Evanjili yake: watumishi na walinzi waliwasha moto wa makaa uani mwa kuhani mkuu, wakausimamia wakiota, naye Petro akasimama pamoja nao akiota vilevile. Hapo mbele ya moto ule Petro alimkana Mwalimu wake. Tena Yoane huyo huyo anasimulia habari ya moto wa pili. Baada ya Yezu kufufuka, mitume walishuka chomboni alfajiri, pwani ya ziwa la Tiberia, wakakuta moto wa makaa umekwisha tengenezwa, samaki juu yake, na mkate. Aliyewangojea kando ya moto huo ni Bwana mwenyewe, na hapo ndipo alipomuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Makaa ni makaa. Moto wa kwanza haukuwa dhambi, wala wa pili haukuwa sakramenti. Neno lilikuwa katika moyo wa mtu aliyesimama karibu nao.

Mkatekumeni anayejifunza amri za Mungu kwa maulizo na majibu huenda akashangaa kuona moto wa nyumbani ukitajwa katika mafundisho ya dini. Sala ni mambo ya dini, Misa ni mambo ya dini. Lakini mafiga, kuni, mbabula na moshi ni mambo ya wanawake jikoni. Ndivyo wanavyosema wanaume wengi, hasa wale ambao hawajabeba mzigo wa kuni hata siku moja. Wamesahau kwamba amri ya tano inalinda uzima wa watu na amri ya saba inalinda mali ya watu, na katika nyumba ya mlimani haipiti siku moja pasipo moto kugusa uzima wa mtu au mali ya mtu.

Watu wa mabondeni na wa pwani ya Tanganyika hufikiri moto ni wa kupikia tu. Lakini katika vilima vya Lubero, vya Masisi na vya Kalehe, mahali panapopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi kali, na ukungu huingia ndani kupitia nyufa za ukuta. Huko moto hupika, tena hupasha nyumba joto, hukausha nguo za mtoto, huwakusanya wazee na wajukuu jioni. Nani atasema kwamba mzee anayetetemeka asiwashe moto? Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Mtakatifu Paulo alipovunjikiwa chombo karibu na kisiwa cha Malta, wenyeji waliwasha moto kwa ajili ya mvua na baridi, wakawapokea wote wapatao 276, na Mtakatifu Luka akaandika tendo hilo kama wema mkubwa. Paulo mwenyewe, mtume wa mataifa, hakuketi akingoja: aliokota mzigo wa kuni akautia motoni. (Wanaume waliotajwa hapo juu wayasome maneno hayo katika sura ya 28 ya Matendo ya Mitume.) Na nabii Eliya alipofika Sarepta wakati wa njaa kuu, alimkuta mjane akiokota vijiti viwili vya kupikia chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Mungu hakumkemea kwa vijiti vile. Alimbarikia unga wake na mafuta yake.

Basi huu ndio msingi, na ni lazima uwekwe kabla ya mengine yote: maskini anayetafuta kuni za kupika na za kuota hatendi dhambi kwa kuwa yu maskini. Mwaka 1994, wakimbizi mamia elfu walipovuka mpaka kutoka Rwanda wakakaa katika kambi za kandokando ya Goma, waliingia msituni kila siku kutafuta kuni, na sehemu kubwa ya msitu ikaharibika. Ndivyo ilivyotokea tena katika vita vya miaka ya karibuni, wakati watu wa Masisi na wa Rutshuru walipoziacha nyumba zao wakalala chini ya mahema juu ya mawe ya lava. Mama wa kambini aliyekata tawi ili mtoto wake asife ni mwenzake yule mjane wa Sarepta. Hatia ya msitu ule itafutwe kwanza kwa wale waliomfukuza kwake.

Lakini msingi si nyumba nzima. Mwenye nafasi ya kuchagua ataulizwa habari ya uchaguzi wake, na hata nyumba ndogo ina mambo ambayo yaweza kuchaguliwa.

La kwanza ni jambo la kufa na kupona, nalo halingoji. Watu wengi wakisikia baridi usiku huchukua mbabula yenye makaa mekundu, huiingiza katika chumba cha kulala, hufunga mlango na dirisha, hulala. Hufanya hivyo hasa kwa mama aliyezaa jana na kitoto chake kichanga. Wanaona makaa hayana moshi, wakadhani hayana ubaya. Kumbe makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Hewa hiyo huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema. Mtu husikia kichwa kizito, husikia usingizi, halafu hasikii tena. Asubuhi jirani hugonga mlango, hakuna jibu. Katika vijiji vingine watu husema ni uchawi, na mwanamke mzee asiye na kosa hushitakiwa. Hivyo mbabula moja huleta vifo kwanza, kisha huleta uongo, kisha huleta chuki. Mkristu ajue: si uchawi, ni makaa. Mbabula itolewe nje kabla ya kulala, hata kama baridi ni kali. Mama mzazi na mtoto wapashwe joto kwa nguo, kwa bulangeti, na kwa mwili wa mama mwenyewe, mtoto akiwekwa kifuani ngozi kwa ngozi; waganga wa hospitali hufanya vivyo hivyo kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Anayejua jambo hili asimwambie jirani yake, anyamaze kwa uvivu au kwa haya, amri ya tano inamhusu.

Moshi wa kuni mara nyingi hauui usiku mmoja. Huua polepole. Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kwamba moshi wa nyumbani uliwaua watu kama milioni 3.2 katika mwaka 2020, na katika hao watoto wasiotimiza miaka 5 walipita 237,000. Ni watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika, wakivuta moshi tangu kuzaliwa, mpaka kichomi kinawashika. Watu huzoea kusema moshi hufukuza mbu na kuhifadhi majani ya paa. Kweli, paa hudumu zaidi. Lakini paa likianguka hujengwa lingine.

Sasa ni lazima kusema habari ya mahali makaa yanapotoka, maana anunuaye gunia sokoni huona gunia, haoni msitu. Mchoma makaa hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, huitia moto, huungoja siku nyingi. Katika tanuru la namna hiyo mara nyingi kilo 6 hata kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 tu ya makaa. Zaidi ya nusu ya moto uliokuwamo ndani ya mti umepotea msituni kabla chungu hakijawekwa jikoni. Kwa hiyo mtu wa mji anayepikia makaa hutumia miti mingi kuliko mtu wa kijiji anayepikia kuni kavu, ingawa jikoni mwake hakuna moshi na mikono yake ni safi. Jambo hilo hushangaza wengi, lakini ndivyo hesabu ilivyo.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makaa yaliyouzwa Goma ilitoka katika Hifadhi ya Virunga, ambayo watu huiita Parke. Parke hiyo iliwekwa mwaka 1925, nayo ni ya kwanza katika Afrika yote. Wenyeji wana manung'uniko yao juu ya mipaka yake, na mengine ni ya haki: wazee wao walilima mahali ambapo leo mlinzi huwazuia. Manung'uniko hayo yasemwe mbele ya wakubwa, yasikilizwe. Lakini biashara ya makaa ya Parke si njia ya kuwarudishia maskini ardhi yao. Imekuwa mali ya watu wenye bunduki. Hao huwatoza wachomaji, huwatoza wabebaji, huwatoza wanawake wanaopita na mizigo. Mchomaji mwenyewe hurudi nyumbani na fedha kidogo, mgongo umevunjika. Mwezi wa Julai 2007 ngagi kadhaa wa mlimani walipigwa risasi, mizoga ikaachwa pale pale. Nyama haikuliwa, wala mtoto wa ngagi hakuchukuliwa kuuzwa. Waliochunguza walisema mauaji hayo yalihusika na biashara ya makaa. Na si wanyama tu. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika Parke hiyo katika miaka iliyopita. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, pamoja na dereva wao na raia 4. Walikuwa wana wa Kivu, wenye wake na watoto. Mkristu anayeweka gunia mbele ya mlango wake akijua limetoka wapi na limepita mikononi mwa nani, asiseme kwamba amenunua moto tu.

Tena yako madhara yanayofika mbali kuliko Parke. Mungu aliifunika dunia kwa hewa kama mama anavyomfunika mtoto kwa bulangeti. Pasipo kifuniko hicho dunia yote ingeganda kwa baridi, hakuna mhogo wala mtu angeishi. Katika hewa hiyo mna sehemu ndogo sana ya hewa ya ukaa, ile itokayo katika kila kitu kinachoungua, nayo ndiyo inayoshika joto. Zamani, kabla ya viwanda vikubwa, katika sehemu milioni za hewa ya dunia, za hewa ya ukaa zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420. Bulangeti limekuwa zito. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, ukizidi kwa kadiri ya digrii 1.5 joto la zamani zile. Mtu wa Mutwanga anaweza kuona jambo hilo kwa macho yake ukungu ukiondoka juu ya Ruwenzori. Mwaka 1906, wapanda mlima wa kwanza walipofika kileleni, barafu ya mlima ule ilienea kadiri ya kilometa za mraba 6.5, kufika mwaka 2003 ilikuwa haitimizi hata 1, na tangu hapo imezidi kupungua. Wazee waliozoea kuuona mlima mweupe sasa huonyesha mawe.

Mtu mmoja atauliza: Je, ni mafiga ya mama wa Lubero yaliyoyeyusha barafu ya Ruwenzori? Hapana. Kusema hivyo ni kumbebesha mnyonge mzigo wa mwenye nguvu. Sehemu iliyo kubwa ya hewa hiyo imetoka katika makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gazi, vitu vilivyolala chini ya ardhi miaka milioni nyingi, vikachimbwa na kuunguzwa na nchi tajiri kwa viwanda, kwa magari, na kwa kupasha nyumba joto. Maana huko nako ni baridi, kali kuliko ya Masisi. Ubelgiji ilichimba makaa ya mawe mamia ya miaka, mgodi wake wa mwisho ukafungwa mwaka 1992. Lakini nyumba nyingi za huko bado hupashwa joto kwa gazi na mazuti, chumba hata chumba, siku zote za Desemba, Januari na Februari. Nao pia wana la kuchagua. Iko mashine inayoendeshwa kwa umeme ambayo huvuta joto kidogo lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kulikusanya ndani. Hutumia nguvu kidogo kuliko jiko la gazi. Wapo pia wanaoziba kuta na madirisha ili joto lisitoke. Mkristu wa Ulaya asiyefanya hivyo ingawa ana fedha, atakuwa na jibu gumu zaidi siku ya hukumu kuliko mama mwenye vijiti viwili. Papa Fransisko aliwaandikia watu wote barua mwaka 2015, iitwayo Laudato Si', akafundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani, na kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini. Katika barua hiyo aliutaja msitu wa Kongo pamoja na ule wa Amazonia kuwa kama mapafu ya dunia nzima.

Hata hivyo yule aliyekosewa na tajiri hapati ruhusa ya kumkosea mtoto wake mwenyewe. Katika miaka hii nchi ya Kongo inapoteza karibu hekta 500,000 za msitu wa asili kila mwaka, kwa mashamba hasa, na kwa kuni na makaa. Mti unapoungua, hewa yake ya ukaa hupanda juu; mti mwingine ukipandwa mahali pake na kukua, huirudisha chini. Mti usipopandwa, hairudi. Tena msitu hutoa mvuke, na mvuke hufanya mawingu. Sehemu kubwa ya mvua inyeshayo Kongo imetoka katika msitu wenyewe, ikarudi tena, ikatoka tena. Na mizizi hushika udongo wa mlimani kama vidole.

Hapa moyo unakumbuka Kalehe. Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vya magharibi ya ziwa Kivu. Maji yalishuka pamoja na mawe na matope, yakavikumba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi hawakuonekana tena, na wengine waliokotwa ziwani. Baada ya maafa kama hayo husikika mara moja sauti mbili. Moja husema: Mungu amewaadhibu kwa dhambi zao. Bwana Yezu mwenyewe aliijibu sauti hiyo alipoambiwa habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Aliwauliza wasikilizaji kama wale waliokufa walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yeruzalemu, akajibu wazi kwamba sivyo. Kisha akawaita waliobaki hai watubu. Basi asitokee katekista wala mkristu atakayesimama juu ya kaburi la mtoto wa Nyamukubi akitaja dhambi za wazazi wake.

Sauti ya pili husema: Ni mapenzi ya Mungu tu, hakuna la kufanya. Hiyo nayo si kweli. Mvua hutoka mbinguni, lakini mahali pa kujenga nyumba, na hali ya mlima ulio juu ya nyumba hiyo, ni mambo ambayo watu huyafanya. Hakuna awezaye kusema gogo fulani lililokatwa lilimwua mtu fulani. Lakini kila mkulima anajua jinsi maji yanavyokimbia juu ya mlima ulio uchi, na jinsi yanavyotembea polepole chini ya miti. Toba ambayo Bwana aliwaitia waliobaki hai, katika vilima vya Kivu, ina mikono na jembe.

Nyumba ya mkristu ifanye nini basi? Mambo mengi hayadai fedha. Kuni zikatwe mapema, zipasuliwe, zikaushwe chini ya paa. Kuni mbichi hupoteza sehemu ya moto wake kukausha maji yake mwenyewe, tena hutoa moshi mwingi. Maharage yalowekwe majini tangu jioni, yataiva upesi. Chungu kifunikwe. Mafiga matatu yaliyo wazi pande zote huacha moto uende na upepo. Jiko la udongo lililofinyangwa kuzunguka chungu, lenye mlango mmoja wa kuni, huushika moto pale unapotakiwa, na mama yeyote anayejua kufinyanga anaweza kulitengeneza kwa siku moja. Dirisha dogo likatwe upande wa juu wa ukuta, moshi upate njia. Anayenunua makaa atafute mbabula iliyowekwa udongo ndani, ile ya Goma iitwayo Jiko Nguvu au nyingine ya namna hiyo, maana bati tupu hupasha joto miguu ya mpishi kuliko chungu. Mahali umeme ulipofika, mwenye mshahara afikirie kupikia umeme. Mwaka 2015 kiwanda cha maji cha Matebe kilifunguliwa Rutshuru, na mto unaofanya umeme hauhitaji kukatwa.

Juu ya baridi yenyewe, nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo kabla ya mvua kuanza, na mzee asiye na watoto atembelewe. Katika sheria ya Musa Mungu aliamuru kwamba mtu akichukua nguo ya maskini kuwa rehani airudishe kabla jua halijatua, maana maskini huyo hana kitu kingine cha kujifunika usiku. Mungu anahesabu mabulangeti. Kundi la wakristu wa mtaa lililonunua bulangeti moja kwa mjane limempunguzia mizigo ya kuni. Na zaidi ya hayo, limemwondolea kishawishi cha kulala na mbabula.

Na miti ipandwe. Tangu mwaka 2007 wakulima wengi wa Kivu ya Kaskazini wamepanda miti ya kuni na ya makaa katika mashamba yao wenyewe, kandokando ya Parke, kwa kazi iitwayo EcoMakala, ili watu wa mjini wapate moto pasipo kuingia Parke. Mikaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi wala katikati ya shamba la maharage. Grevilea haigombani sana na mazao, nayo yafaa mipakani. Kwenye mlima mkali miti iachwe isikatwe kabisa, matawi tu.

Linabaki swali moja gumu, nalo huulizwa na wakatekumeni wenyewe, mara nyingi kwa sauti ndogo baada ya wengine kuondoka. Mtu amekula miaka kumi kwa kuchoma makaa ya Parke. Amewalipa wenye bunduki ili apite. Amewalisha watoto wake kwa fedha hiyo, na sasa anataka ubatizo. Je, afukuzwe? Asifukuzwe. Zakayo hakufukuzwa. Lakini Zakayo alisimama mwenyewe akasema atakachorudisha, na amri ya saba inadai vivyo hivyo: aliyetwaa kitu kisicho chake akirudishe, na asipoweza kukirudisha chote, arudishe kadiri awezavyo. Mti wa miaka 100 haurudishwi na mtu wa miaka 40. Anachoweza ni kuacha njia ile, si kwa siku moja kama hana chakula kingine, bali kwa shauri aliloliweka pamoja na katekista na padri, lenye mwezi wake na mwaka wake, ili isiwe ahadi ya mdomo. Asiwafundishe wanawe kazi hiyo. Asiwaongoze wengine msituni. Na kama ana kipande cha ardhi, hata kidogo, apande.

Mbegu huwekwa katika kitalu mwezi wa Mei au Juni, mahali penye kivuli na maji karibu, ili miche iwe tayari mvua za Septemba zikianza. Mashimo huchimbwa mapema, yakajazwa mboji. Mwaka wa kwanza miche ni chakula cha mbuzi, kwa hiyo ijengewe ua wa miiba, na mtoto mmoja wa nyumba apewe kazi ya kuilinda. Mikaratusi yaweza kukatwa kwa kuni baada ya miaka 5 au 7, nayo huchipua tena kutoka kisikini. Mwenye kukata aache chipukizi mbili au tatu zilizo nene, nyingine aziondoe.